Masika si dharura: barua ya wazi kwa Gavana, mawaziri wa kaunti na wawakilishi wadi wa Mombasa

Waheshimiwa,

Salamu. Waliotia mkono barua hii ni watu wa kazi: wa mitaro, wa mikoko, wa bajeti na wa ramani za ardhi. Malalamiko juu ya serikali yamejaa mjini, hatuna haja ya kuyaongeza. Jambo letu ni maneno. Katika makaratasi ya kaunti, neno ndilo huamua shilingi itoke mfuko gani, itoke mwezi gani, na maji yakishaingia nyumbani lawama imwangukie nani. Mabadiliko ya tabianchi yanakuja na mvua yake na bahari yake, lakini sera ya kuyahimili inaandikwa kwa maneno mliyoyachagua nyinyi, na mengine mmeyachagua vibaya.

Tuanze na dharura. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 112, inaruhusu Hazina ya Dharura ya kaunti ifunguliwe penye haja ya haraka ambayo haikutarajiwa. Kifungu kinachofuata kinaweka kikomo cha asilimia 2 ya mapato yote ya kaunti, kwa hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliotangulia. Upande wa manunuzi, kifungu cha 103 cha sheria ya 2015 kinaruhusu mkandarasi mmoja apewe kazi moja kwa moja bila kushindanishwa, mradi hali iliyoleta haraka hiyo haikuweza kuonekana mapema wala haikuletwa na uzembe wa ofisi yenyewe. Sasa masika huanza Machi, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote Mombasa. Wavuvi wanalijua hilo, na wauza miavuli wa Mwembe Tayari hununua mali yao mapema kwa sababu hiyo hiyo. Ni nani basi ambaye hakutarajia?

Mvua ya kiwango cha vuli ya 2023, iliyokuja juu ya El Niño, inaweza kuitwa dharura kwa ukubwa wake. Mtaro uliokuwa umejaa tope tangu mwaka juzi hauwezi. Mkiviita vyote viwili kwa jina moja, mwaka wa mvua ya wastani nao unageuka maafa: mashine hukodishwa kwa bei ya haraka, bila ushindani, na tope huchotwa likiwa maji. Kila lori hubeba maji nusu.

Kalenda ya kazi hii haina siri. Mitaro inatakiwa iwe mitupu mwisho wa Februari, kwa hiyo kuzibua kuanze Januari, kaskazi ikivuma na tope likiwa kavu. Ili watu waingie kazini Januari, mkataba utiwe saini Desemba. Sheria inataka siku 14 zipite kati ya kumjulisha mshindi wa zabuni na kutia saini. Ongeza siku za tangazo, siku za tathmini na rufaa moja ambayo haikosekani, na tangazo haliwezi kupita katikati ya Oktoba. Mgao wa Nairobi nao huchelewa, kila mtu anajua, kwa hiyo malipo ya kwanza yapangiwe mapato ya kaunti yenyewe. Fedha zenyewe ziwe zimo katika bajeti iliyoanza Julai 1, na ili ziwemo, ziwe zimeandikwa katika Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ule unaofika bunge la kaunti Septemba 1 ya mwaka uliotangulia. Hesabuni kurudi nyuma: mtaro wa kuzibuliwa Januari huandikwa miezi 16 kabla. Utabiri wa msimu kutoka Idara ya Hali ya Hewa hutoka masika ikiwa tayari mlangoni. Unasaidia kuchagua mtaro gani utangulie. Kuamua kama kuna haja ya kuzibua si kazi yake.

Na kuzibua kwenyewe kuna ufundi. Chukueni mtaro wa kawaida wa upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60. Tope likikaa sentimita 20 chini, macho yanaona theluthi moja tu imepotea. Maji yanaona zaidi, kwa sababu nafasi iliyobaki ni ndogo huku kuta bado zinayakwaruza. Kiasi kinachopita hupungua kwa takriban asilimia 40. Katika mita 100 za mtaro huo mna mita za ujazo 12 za tope, wastani wa wilbaro 200. Likitolewa likaachwa ukingoni, jinsi inavyofanyika mara nyingi, magari yanalikanyaga, wauza mboga wanalisukuma kwa fagio, na mvua ya kwanza inalirudisha lilipotoka pamoja na chupa zake. Sababu ya kuachwa imo kwenye mkataba: mkandarasi analipwa kwa mita alizozibua, na mita huhesabika tope likishatoka mtaroni. Andikeni kwamba mita hailipwi mpaka iambatane na risiti ya lango la jaa la taka la Mwakirunge yenye tarehe na namba ya gari, na kwamba tope lisilale ukingoni zaidi ya saa 48. Sentensi moja hiyo ina faida kuliko mabango yote ya uhamasishaji.

Kisha kuna bahari, ambayo karatasi nyingi za mitaro huisahau kana kwamba mji huu uko Machakos. Maji hujaa takriban kila saa 12 na dakika 25, na wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji makubwa hupanda zaidi ya mita 3 juu ya maji madogo. Mdomo wa mtaro uliojengwa chini ya kiwango hicho hugeuka mlango wa bahari kuingilia mtaani. Mvua ikianguka saa hiyo, maji hayana pa kwenda hata mtaro ukiwa safi kama sahani. Dawa yake ni mlango wa chuma au wa mpira mzito wenye bawaba juu, unaofunguka maji ya mvua yakisukuma kutoka ndani na kujifunga bahari ikisukuma kutoka nje. Huharibika kwa njia mbili: chupa ya plastiki ikikwama ukingoni mwake haufungi tena, na chumvi ikila bawaba haufunguki. Kwa hiyo uwekewe wavu nyuma yake, na mtu aukague kabla ya kila bamvua, mara mbili kwa mwezi. Jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari ya Kilindini lipo. Lipelekeni idara ya barabara.

Neno la pili ni maendeleo. Sheria ile ile ya fedha za umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo, na ni sharti zuri, lililowekwa ili mishahara isimeze kila kitu. Lakini kwa lugha ya bajeti, kujenga mtaro mpya ni maendeleo na kuzibua wa zamani ni matumizi ya kawaida. Mpango wa FLLoCA, unaopeleka fedha za tabianchi mashinani, nao unaitaka kaunti itenge angalau asilimia 1.5 ya bajeti ya maendeleo. Mlango wa fedha za tabianchi, basi, unafunguka kwa saruji mpya na kufungwa kwa koleo. Siasa inamalizia kazi: mtaro mpya una utepe wa kukatwa na jiwe lenye jina, mtaro uliozibuliwa hauna hata picha. Ndipo mji unapata mitaro mingi isiyopitisha maji. Njia ya kutoka ipo: kila mradi mpya wa mtaro uingie kwenye bajeti ukiwa na mstari wake wa matunzo wa miaka mitano, wenye kiasi, na usipokuwa nao kamati ya bunge iurudishe.

Kabro nazo, yale matofali ya saruji ya kutandika barabara, zimeingia chini ya jina hilo hilo la maendeleo, na mitaa mingi inazifurahia, sisi pia, vumbi limepungua. Ila hesabu ni hii: mvua ya milimita 50 juu ya hekta moja ni lita 500,000, sawa na maboza 50 ya lita 10,000. Udongo wa mchanga na mawe ya matumbawe ulikuwa ukinywa sehemu kubwa ya hayo. Kabro juu ya murami uliogandamizwa, viungo vikiwa vimejaa saruji, hainywi. Halafu kila ukarabati unaweka tabaka jipya juu ya la zamani, barabara inapanda, vizingiti vya nyumba vinabaki vilipokuwa. Simameni kwenye mtaa wowote wa Kisauni uliotengenezwa mara mbili: mnashuka ngazi kuingia nyumba ambazo zamani mlipanda ngazi. Tabaka la zamani ling'olewe kwanza, na michoro ioneshe kimo cha kizingiti cha chini kabisa cha mtaa.

Neno la tatu ni letu sisi wasemaji wa Kiswahili, na pengine ndilo linalotuuma zaidi. Katika tafsiri za sera, kupunguza gesi zinazopasha dunia joto na kujiandaa kwa madhara yake vyote vimeitwa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Ni kazi mbili tofauti. Taa za sola barabarani hupunguza gesi. Mtaro, kisima kisichoingia chumvi, zahanati isiyofurika, hivyo ni kuhimili. Zikiwekwa kapu moja, kaunti inaweza kutumia kila shilingi ya kukabiliana kwenye taa na magari ya umeme, ikasoma jumla kubwa mbele ya wageni, na isiweke hata shilingi moja kwenye maji yanayoingia Mshomoroni. Mchango wa Kenya nzima katika gesi za dunia hauifikii asilimia 1. Kwa Mombasa, kuhimili kutangulie. Gaweni mstari huo wa bajeti mara mbili, kupunguza na kuhimili, na kila mradi useme uko upande gani.

Msione kwamba tunacheza na maneno. Wakubwa wa dunia wanayachezea kwa umakini mkubwa. Mwaka 2002 mshauri wa Republican, Frank Luntz, aliwaandikia wanasiasa wa chama hicho Marekani waseme mabadiliko ya tabianchi badala ya ongezeko la joto duniani, kwa kuwa la kwanza halitishi kama la pili. Mwaka 2015, katika Mkataba wa Paris wa tabianchi, nchi maskini zilipata kifungu kizima, cha 8, kuhusu hasara na uharibifu unaoletwa na tabianchi, lakini uamuzi uliopitisha mkataba huo ukasema katika aya ya 51 kwamba kifungu hicho si msingi wa dhima wala wa fidia. Miaka saba ya majadiliano ilipita kabla hazina ya hasara na uharibifu kukubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022. Glasgow, mwaka kabla ya hapo, dakika za mwisho kabisa, kuachana na makaa ya mawe kulibadilishwa kuwa kupunguza. Neno moja, na vituo vya makaa vikapewa umri mpya.

Makaa yana somo la karibu zaidi. Mtambo wa megawati 1,050 uliopangiwa Lamu uliitwa maendeleo, na aliyeupinga akaitwa adui wa maendeleo. Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni yake, ikisema umma haukushirikishwa ipasavyo na Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa. Hapo neno lililoushinda mradi lilikuwa la kisheria kabisa, ushirikishaji, na walioweka msingi wa ushindi huo ni watu waliouliza nyaraka ziko wapi.

Sasa kuna lugha ambayo ni ya haki ikisemwa mahali pake na ni kichaka cha kujifichia ikihamishwa. Tangu Rio 1992, nchi zetu zinasema wajibu ni wa wote lakini haulingani, na aliyechafua zaidi alipe zaidi. Ni kweli. Ilisemwa vizuri Nairobi Septemba 2023, Afrika ilipotaka kodi ya kaboni ya dunia. Lakini kiongozi akisimama Likoni siku mbili baada ya mafuriko na kusema tabianchi imeletwa na mataifa tajiri, kasema kweli isiyojibu swali. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti mifumo ya maji ya mvua mijini, uzoaji taka na udhibiti wa maafa. Hakuna taifa tajiri lililotajwa humo. Kuna na kichaka cha pili, cha kusema wananchi wanatupa taka. Wanatupa, ndiyo, na mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, na mitaro bado inaziba, kwa sababu mtaa usiopitiwa na gari la taka wiki tatu una mahali pamoja tu pa kuzitupa penye mteremko.

Na wapo wasioingia kwenye lugha yenu kabisa. Pwani tuna nyumba bila shamba: mtu kajenga, kalea, kazikia watoto wake hapo, na ardhi ni ya mwingine anayelipwa kodi ya kiwanja. Mkihitaji njia ya mtaro, mnatafuta mwenye shamba, ambaye pengine haishi hapa. Mkigawa msaada, fomu inauliza hati. Wengine kando ya hori la Tudor wameitwa wavamizi tangu wazaliwe, na kwa mvamizi hachorwi mtaro. Lakini maji hayasomi hati. Yakizuiwa kwa wavamizi yanarudi juu kwa wenye hati. Fomu za tabianchi zikubali uthibitisho wa ukaazi kutoka kwa mzee wa mtaa na risiti za kodi ya kiwanja, na ramani ya mitaro ichorwe kwa mteremko, mipaka ya umiliki ije baadaye.

Tuje kwenye miti. Lengo la taifa ni miti bilioni 15 kufikia 2032. Tukiigawa sawa kwa kaunti 47 kwa miaka kumi (hakuna aliyesema igawiwe hivyo, tunapiga hesabu tu), kila kaunti inapata kama milioni 32 kwa mwaka. Mombasa ina takriban kilomita za mraba 220. Ni zaidi ya miche 1,400 kwa kila hekta kila mwaka, ukipanda hata katikati ya kivuko cha Likoni. Lugha ya kuhesabu miche ndiyo inayowapeleka watu ufukweni na magunia ya mbegu za mkoko, kwa kuwa mbegu za mkoko ni ndefu, rahisi kuokota na rahisi kuchomeka topeni. Kikundi kimoja kinajaza hekta asubuhi moja, miche 10,000 kwa nafasi ya mita moja kwa moja, picha zikapigwa.

Mikoko ina nyumba zake. Mlilana hukaa mbele, panapopigwa na mawimbi. Mkoko hufuata nyuma yake, mkandaa huja juu zaidi, na mchu husimama hata kwenye chumvi kali karibu na nchi kavu. Ukichomeka mkoko mahali pa mlilana, maji humfunika muda mrefu kuliko anavyovumilia, na chaza wanamwandama shina mpaka analala. Hori la Mwache lina funzo lake: mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yalishusha mchanga mwingi kutoka bara, ukafukia mizizi, mikoko ikafa imesimama. Kupanda upya juu ya mchanga huo bila kwanza kufungua vijito vya maji na kuzuia mmomonyoko juu ya mto ni kupanda kuni. Badilisheni kipimo: badala ya miche iliyopandwa, taarifa iseme miche iliyo hai baada ya miezi 24, kwa jina la aina yake. Mpango wa taifa wa mikoko wa 2017 hadi 2027 unafikia mwisho, kwa hiyo kipimo hiki kiingie kwenye mpango unaofuata.

Mikoko iliyotunzwa ina soko, na hapo neno lingine linangoja. Gazi, huko Kwale, wenyeji wanauza kaboni inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013, takriban tani 3,000 kwa mwaka, na fedha zimeingia kwenye maji na shule. Marekebisho ya 2023 ya Sheria ya Tabianchi yanaipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliopita kwa miradi ya ardhi, na asilimia 25 kwa isiyo ya ardhi. Mwekezaji akifika Tudor au Mtwapa, muulizeni kabla ya chai: mapato kabla ya gharama zenu au baada? Na gharama zenu ni zipi, mshahara wa mshauri aliyeko ng'ambo umo? Asilimia 40 ya kilichobaki baada ya kila mtu kula inaweza kuwa sufuri. Jibu liandikwe ndani ya mkataba wa maendeleo ya jamii, kwa Kiswahili, ukurasa wa kwanza.

Kwa Kiswahili, tunarudia. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekiweka kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, lakini mipango ya tabianchi inakuja ukumbini kwa Kiingereza, kurasa mia na kitu, asubuhi ile ile ya mkutano, kisha mahudhurio yanaitwa ushirikishaji. Kurasa nne zinatosha: kila wadi ina mradi gani, wa kupunguza au kuhimili, shilingi ngapi, unaanza mwezi gani, nani atautunza. Zitoke siku 14 kabla ya mkutano, zibandikwe sokoni Kongowea na misikitini na makanisani. Kamati za tabianchi za wadi zipewe nakala kwanza.

Septemba 1 Mpango wa Maendeleo wa Mwaka utafika bungeni. Tutaomba nakala siku hiyo hiyo, na tutaanza kusoma kwenye mstari wa kuzibua mitaro, tuone kama una kiasi na kama una mwezi. Jedwali la bamvua za Januari tutawaletea wenyewe.

Wenu,
Wakazi na mafundi wa mitaro, mikoko, bajeti na ardhi
Mombasa